Mawe Juu ya Bati

Mwaka 1992 tulikaa mtaa wa Nyakabanda, mjini Kigali, mimi, binti yangu Uwimana, mumewe Silvère na mtoto wao Shami, aliyekuwa ameanza kutambaa. Uwimana alishona nguo sebuleni, nami nilimlea mtoto.

Kiwanja kilikuwa cha kuazima, lakini mabati yalikuwa yetu. Silvère hakuyapigilia misumari.

"Bati likitobolewa linavuja," alisema. "Siku tukihamia kwetu, nataka kuyabeba yakiwa mazima."

Akayakandamiza kwa mawe makubwa. Majirani wengi walifanya hivyo, nasi hatukuona kosa.

Alasiri moja ya masika, mbingu upande wa Mlima Kigali ikawa nyeusi. Kuku walikimbilia ndani. Kisha nikaona nguzo nyembamba ya vumbi ikizunguka na kurefuka. Ilikuwa inapanda mtaa wetu, imebeba majani ya migomba na ndoo ya mtu.

"Serwakira," Uwimana akasema. Ndivyo tunavyokiita kimbunga kinachozunguka. "Mama, Shami yuko wapi?"

"Kitandani. Amelala."

Aliruka cherehani, akamnyakua mtoto, tukajibanza chini ya meza ya kukatia vitambaa. Bati la kwanza likalia, likaondoka. La pili likafuata. Mawe yakaanza kudondoka ndani. Jiwe moja lilianguka kitandani, palepale Shami alipokuwa amelala. Godoro lilikuwa bado lina joto lake.

Halafu kimya. Tulitoka chini ya meza, tukaona mbingu badala ya paa. Bati letu moja lilikuwa juu ya mparachichi, jingine limekunjwa kama chapati. Jirani yetu Mukagasana, ambaye jiko lake lote lilikuwa limebebwa, alikuja kwanza na kitenge kikavu cha kumfunika mtoto. Sufuria zake alizitafuta baadaye.

Barabarani, jirani yetu mwingine, fundi wa ujenzi Maneno, alisimama ametandaza mikono. Waya wa umeme ulikuwa umeanguka.

"Rudini," aliwaambia watu. "Hata kama umelala kimya, msiuguse. Wenye kazi yao watakuja."

Silvère alifika mbio kutoka kazini Kacyiru. Alilitazama jiwe kitandani, akakaa chini. Baadaye alimwita ndani Maneno, ambaye paa lake lilikuwa zima.

"Fundi, upepo ulikuwa uleule. Lako limebakije?"

"Upepo unaingia chini ya bati na kuliinua," Maneno akajibu. "Jiwe limekaa tu, halijashika kitu. Bati likiondoka, jiwe linawaangukia ninyi."

"Kwa hiyo niyatoboe?"

"Yatoboe. Ila msumari upige kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji. Chini ya kichwa chake weka kipande cha mpira wa baiskeli, halitavuja. Na miti ya paa ifunge kwa waya ulioshuka ndani ya ukuta. Bati lishike mti, mti ushike ukuta."

"Na siku ya kuhama?"

"Utaziba kwa lami. Tundu la msumari linazibika, ndugu yangu." Akatazama kitanda.

Jumamosi majirani walikuja. Mmoja alileta waya, mwingine ngazi. Mukagasana alileta uji, ingawa sufuria ilikuwa ya kuazima. Maneno alikagua kila msumari na kumtania Silvère: "Huu umeupiga bondeni. Unataka kuoga ukiwa kitandani?"

Mwezi haukuisha, upepo mkali ukavuma tena. Tulifunga milango, tukaingia chini ya meza, safari hii na Silvère, magoti yake yakigusa kidevu. Mabati yalinguruma. Tulisubiri.

"Linashika," akanong'ona. "Mama, linashika."

Shami aliendelea kulala mikononi mwa mama yake.

Mawe hatukuyatupa. Matatu makubwa niliyafanya mafiga. Ukija kwetu utayakuta jikoni, chini, chungu cha maharage kikichemka juu yake.