Landrova Iliyokata Mafuta Siku ya Posa

Mnada wa Karatu ulikuwa umefurika siku ile, ng'ombe wakilia, vumbi jekundu likipanda hadi kwenye kope za watu. Cresensia, binti wa mzee Raphaeli, alikaa nyuma ya madumu yake ya asali, gauni la bluu, kitambaa cheupe kichwani. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa Kimasai mwenye kaki iliyopigwa pasi, ndewe za masikio amezikunja juu kwa unadhifu.

"Dada, asali yako ina nyuki wangapi?"

"Nunua, ukawahesabu nyumbani."

"Kwangu hakuna wa kunisaidia kuhesabu."

"Basi nunua kidogo."

Alinunua nyingi, na mnada uliofuata akarudi. Jina lake Koinet, dereva wa Landrova ya mradi wa maji kule Ngorongoro. Mapenzi yakashika, yasifichike tena. Lalamiko la Koinet lilikuwa moja.

"Vumbi, Cresi. Petroli yenyewe mwaka huu haipatikani bila kibali, na vumbi linaingia mpaka kwenye tangi."

Siku moja, Koinet akiwa amejilaza kivulini, Cresensia aliona kitundu kidogo sana kwenye kifuniko cha tangi. Kwao, mzinga wenye ufa huzibwa kwa nta ili sisimizi wasiingie. Akakiziba kitundu kwa nta, akakisawazisha kwa kidole gumba, asimwambie mtu. Alifurahi peke yake siku nzima.

Tangu hapo Landrova ikaanza kumwaibisha dereva wake. Ilienda vizuri, kisha mlimani ikakohoa, ikakosa nguvu, ikazima. Koinet alibadilisha chujio, akapuliza mabomba mpaka midomo ikachubuka, akafungua kabureta. Ikawaka, kesho ikazima tena. Bosi wake akamwonya kwamba gari likilala njiani mara nyingine, funguo atapewa dereva mwingine.

Siku ya posa ukoo wa mzee Raphaeli ulikusanyika, mbuzi akachinjwa, na wageni hawakutokea. Koinet alifika kesho yake, nguo zimejaa oili.

"Gari lilizima, mpenzi."

"Jumapili uliyoahidi kuja kanisani pia lilizima. Koi, kama hunitaki niambie. Usiisingizie Landrova."

"Nikutake vipi zaidi ya hivi?"

Cresensia alilia usiku kucha, maana alikuwa anampenda na alikuwa hamwamini tena. Mzee Raphaeli alitoa Jumamosi moja tu.

"Jua likizama washenga hawajaketi kwangu, Mmasai wako asinijie tena. Piusi wa Oldeani ameniuliza habari zako mpaka nimechoka kumkwepa."

Jumamosi mchana Lusia, karani wa posta na rafiki yake, alimwita mbio. Simu ya Koinet kutoka geti la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro.

"Cresi, limezima tena, lakini limewaka. Niko na mzee Ngoitiko, baba yangu mdogo. Tunakuja."

"Kwani huwa unalifanya nini ndipo liwake?"

"Napuliza bomba, linapona. Mara nyingine nasafisha kabureta, linapona."

"Na kabla ya hapo?"

"Napima mafuta kwa kijiti. Nikifungua kifuniko linavuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyetoka majini."

Cresensia akaikumbuka nta yake. Binti wa mfuga nyuki anajua mzinga uliozibwa kila mahali hukosa hewa.

"Koi, sikiliza, hicho kifuniko..."

Laini ilikuwa imekatika. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama. Akadandia lori la kahawa lililokuwa linaelekea Oldeani, na njia nzima alimwomba Mungu asipishane nao bila kuwaona.

Aliwakuta kilimani, kabla kidogo ya njia panda ya Oldeani. Boneti wazi, kabureta vipande vipande juu ya gunia, na Koinet amepiga magoti anapuliza bomba. Mzee Ngoitiko alikaa pembeni na blanketi lake jekundu, ananusa ugoro.

"Rudisha hivyo vyuma," Cresensia alisema. Alichomoa pini kichwani, akafungua kifuniko, fyuu, akaanza kuchokonoa. Petroli ilimmwagikia mikononi. Kipande cha nta kikadondoka.

"Hiki kitundu ndicho tangi linapumulia. Mafuta yakipungua hewa haiingii, basi hayatoki tena. Ni mimi niliyekiziba."

Koinet aliiokota ile nta.

"Nimekaribia kufukuzwa kazi, Cresi."

"Najua. Nilitaka kukukingia vumbi. Nikakuita mwongo kwa kosa langu mwenyewe. Nisamehe."

Koinet akafunga skrubu ya mwisho. "Umenitesa," akasema, na sauti ikamlegea. "Panda, mke wangu."

"Bado sijawa."

Ndipo hofu ilipomrudia Cresensia. Kwa mzee Raphaeli binti huitwa kutoka ndani mbele ya wageni, asipokuwepo, amekataa. Na binti aliyeonekana ndani ya gari la washenga ni aibu ya ukoo mzima. Jua lilikuwa linagusa mlima. Landrova ilipanda kilima bila kukohoa, na nyuma ya shamba la mahindi Cresensia akaruka kutoka garini, akakimbia ameinama, akaingia kwa mlango wa jikoni. Huko sebuleni sauti ya Ngoitiko ilikuwa tayari inasalimia.

"Cresensia," baba aliita.

Akatokea, kifua kinapanda na kushuka. Ukoo wote ulimkodolea macho.

"Hawa wageni unawafahamu?"

"Nawafahamu, baba."

Mzee Raphaeli alisogea karibu, akanusa. Akautazama mkono wa Koinet uliojaa oili, kisha wa binti yake. Cresensia aliona kila kitu kinamponyoka.

"Unanuka petroli," mzee alisema polepole. "Nawa mikono, kisha uje umsalimie baba mkwe wako."