Kinasa Sauti na Wimbo wa Mlangoni

Ukimsikiliza Bi Kadzo, jirani wa ukuta kwa ukuta, kile kidude cheusi ndicho kilichomeza sauti ya Bi Mishi. Huwaeleza wenzake wakiwa kwenye foleni ya bomba, mitungi imepangwa, jua linawachoma visogo.

"Niliona kwa macho yangu," husema. "Mishi anaimba pale mlangoni, nacho kimetoa macho mawili kama kamba wa baharini, kinamtazama tu. Hata mwezi haukwisha, sauti hana. Leo ukimwamkia anakupungia mkono. Imekwenda wapi? Imo mle ndani."

Wenzake hucheka, lakini wako wanaoacha kucheka kabla ya wengine. Yusra, mjukuu wa Bi Mishi, husimama foleni hiyo hiyo na mtungi wake, wala habishi. Amechoka kubisha. Tena yeye ajua kuliko wote kwamba kidude kile kilikaribia kutokuwapo kabisa siku hiyo ya kuimba mlangoni, na sababu ilikuwa yeye mwenyewe.

Yusra alikuwa gredi ya saba, akiishi Mwabungo na bibi yake. Mamake alifua mashuka katika hoteli moja Diani na alirudi nyumbani kwa nadra. Kwa hivyo kila alfajiri Yusra aliwasha moto, akapika uji mwepesi, akateka maji, akafagia ua, kisha akaenda shule. Jioni kazi ilikuwa ile ile, ila moshi ulimwingia zaidi machoni kwa kuwa macho yenyewe yalikuwa yamechoka.

Uji ulikuwa mwepesi kwa sababu Bi Mishi hakuweza tena kumeza kitu kizito. Uvimbe ulikuwa umemwota kooni. Daktari wa hospitali ya Msambweni alimweleza bila kumzungusha: atapasuliwa, na huenda sauti isirudi kama ilivyokuwa.

Habari hiyo iliwaumiza watu wengi, maana Bi Mishi ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kikundi chao cha ngoma za harusi. Na katika kikundi kizima ni yeye peke yake aliyebaki akiujua wimbo wa mlangoni. Wimbo huo huimbwa bibi harusi anapovuka kizingiti cha kwao. Huimbwa mara moja tu. Hauimbwi mazoezini, hauimbwi jikoni, wala hauimbwi kwa kuombwa. Mamake Bi Mishi alimwachia hivyo, naye hakutaka kugeuza.

Ilibaki harusi moja kabla ya siku ya hospitali, ya binti wa nduguye Bi Mishi. Kikundi, kwa idhini ya Bi Mishi, kikaamua kununua kinasa sauti, ili wimbo usipotee. Simu walikuwa wamekwisha kuijaribu katika harusi nyingine, na msondo, ile ngoma ndefu, ukatoka kama mtu anayepiga bati teke.

"Kuchagua namwachia Yusra," alisema Mjomba Kibwana, mpiga msondo, aliyekuwa ndugu mdogo wa mamake Yusra. "Mimi hata simu yangu hunishinda. Lakini sikiliza, mwanangu. Usichukue kwa maneno ya dukani. Kipeleke kwenye ngoma kwanza, ukisikilize."

Fundi Hesbon, mwenye duka la vyombo vya umeme pale Kona ya Musa, aliwaonyesha vinasa viwili. Kimoja kilikuwa cha rangi ya fedha, chembamba kama kalamu nene, chenye kioo kinachowaka rangi. Cha pili kilikuwa cheusi, kinene, cha kutia betri, na mbele kilikuwa na maikrofoni mbili zilizochomoza.

"Siwezi kukuchagulia," alisema Hesbon. "Hiki cha fedha watu wa mikutano wanakipenda sana. Hicho kingine sijui, mwanamuziki mmoja aliniagizia halafu akahama. Beba vyote viwili, mjaribu na ngoma zenu, mnirudishie kimoja. Sawa?"

Mazoezi yalikuwa Alhamisi alasiri, nyumbani kwa Mjomba Kibwana, ng'ambo ya barabara. Yusra alitoka shule, akateka maji, akamchemshia bibi maji ya tangawizi. Akajilaza mkekani kidogo tu, avute pumzi. Alipozinduka, ngoma zilikuwa zimenyamaza na waimbaji walikuwa wakirejea makwao.

Akavichukua vinasa vyote viwili hadi jikoni. Akasema "moja, mbili, tatu" katika hiki na katika kile, kisha akatia waya za masikioni na kusikiliza. Cha fedha kilitoa sauti yake laini, kama ya mtangazaji. Cheusi kiliichukua pamoja na sauti ya kuku, na upepo, na sufuria. Akaona amekwisha kupata jibu.

Asubuhi yake Mjomba Kibwana alimkuta njiani akienda shule.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona jana sikukuona mazoezini?"

Yusra alitaka kusema alilala. Lakini jibu jingine lilitangulia. "Nilikuwa nyuma ya ua, mjomba. Nilitaka kusikia kwa mbali. Cha fedha ndicho kizuri."

"Umefikiri vyema," alisema mjomba. Uso wake ukalegea kwa kuridhika, na jambo hilo lilimkera Yusra kutwa nzima. Jioni alikirudisha cheusi dukani. Hesbon naye akamwuliza kama walijaribu na ngoma. Yusra akaitikia kwa kichwa. Uongo wa pili haukumgharimu hata neno.

Siku ya harusi, ngoma zilipangwa kuzunguka moto wa makuti ili ngozi zikaze. Bi Mishi alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, leso imemzunguka shingo. Tangu asubuhi hakuwa amesema kitu. Akitaka maji alionyesha kikombe, akitaka mto aliupapasa. Alikuwa akiiweka akiba sauti yake, yote aliyobakiwa nayo, kwa ajili ya ule wimbo mmoja.

Yusra alikiwasha kinasa cha fedha, akatia waya masikioni. Mjomba Kibwana akaugonga msondo kuipima ngozi. Msondo haukulia, ulipasuka. Na kila ulipopigwa, kinasa kilijipunguza chenyewe, kikaminya sauti zote, kisha kikazipandisha polepole mpaka pigo jingine likazizamisha tena. Mwanamke aliyekuwa akiimba pembeni alisikika kama mtu anayezama na kuibuka. Yusra akasogea mbali, hali ikawa ile ile. Akatafuta mahali pa kukizuia kisijipunguze, asipaone. Kinasa kile kilikuwa kimetengenezewa watu wanaoongea mezani.

Wazo la kunyamaza lilimjia. Hakuna aliyejua. Wangegundua baadaye, na baadaye angeweza kusema kimeharibika. Kisha akamwona bibi yake akinyoosha mkono kuomba kikombe, midomo imefungwa.

Akamwendea mjomba kando ya moto.

"Mjomba, hiki hakifai. Kinapasua sauti." Akamnyooshea kinasa. "Siku ile sikuwa nyuma ya ua. Nililala. Nilikijaribu jikoni kwa kuongea tu."

Mjomba Kibwana hakuinua sauti. Alipitisha kiganja juu ya ngozi ya msondo, akaonekana mzee kuliko alivyokuwa asubuhi. "Ungesema umelala," alisema mwishowe, "ningekuja na msondo nikupigie papo hapo mkekani pako. Kulala si kosa. Tumechoka sote." Kisha akamwita Swabir, binamu yake Yusra mwenye bodaboda. "Mpeleke kwa Hesbon. Mkirudi salama, tutaanza."

"Panda, injinia," alisema Swabir. "Na usilie mgongoni mwangu, shati nimelipiga pasi."

Cheusi kilikuwa bado rafuni. Hesbon alimsikiliza Yusra mpaka mwisho, akapangusa uso kwa kitambaa. Hakumgombeza. Alitia betri mpya, akamvisha Yusra waya masikioni, akauburuta mtungi mkubwa mtupu na kuupiga kwa ngumi mbele ya kinasa, hadi wapita njia wakageuka.

"Acha kuangalia kioo. Unasikia nini?"

"Inapasuka kidogo."

"Zungusha hiki kigurudumu. Punguza. Sasa?"

"Inalia vizuri. Lakini iko chini."

"Iache chini. Sauti ndogo utaipandisha baadaye. Iliyopasuka hata mimi sina dawa yake. Hiki hakijipangii chenyewe, kinakungoja wewe. Mbona siku ile hukuniambia ukweli? Hii kazi tungeifanya bila haraka."

Yusra alikifunika kinasa kwa ncha ya mtandio wake, njia nzima asitoe mkono.

Waliporudi waliwakuta watu wote wamekaa wakingoja. Mjomba Kibwana alikuwa amewaambia waziwazi: tunamngoja Yusra, amekosea kuchagua na amekwenda kurekebisha. Kila jicho likamwelekea. Bibi harusi alikuwa ndani, jasho likimchuruzika chini ya mapambo yake.

"Tumekaushwa hapa kama dagaa," alisema Bi Kadzo, "kumbe tunangoja redio."

Watu wakacheka kwa uchovu. Yusra aliinamisha kichwa, akapita katikati yao. Alikiweka kinasa juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu na mlango na mbali na msondo, macho mawili ya kinasa yakielekea pale bibi yake atakaposimama. Akamwomba mjomba apige kwa nguvu zake zote. Akasikiliza, akapunguza, akasikiliza tena. Kisha akainua mkono.

Bi Mishi alinyanyuka akishikwa huku na huku. Msondo ukaanza, upatu ukaingia, zumari ikafuata. Bibi harusi alipoinua mguu kuvuka kizingiti, sauti ya Bi Mishi ikatoka. Ilikuwa imekwaruza, nyembamba, lakini kila neno lilikaa mahali pake. Mwanangu nenda, mlango sijaufunga. Katikati sauti ilikatika. Bi Mishi alivuta pumzi, pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akauokota wimbo pale ulipoangukia na kuufikisha mwisho. Kisha akarudi mkekani, akalala ubavu kama mtu aliyetua mzigo.

Wageni walipotawanyika, wanakikundi walikisikiliza kinasa wakiwa wamekizunguka, sufuria za pilau hazijaoshwa. Msondo ulilia kama msondo. Wimbo ulikuwapo wote, na ile pumzi ilikuwapo pia. Bi Mishi alisikiliza akiwa amefumba macho.

"Yusra," alisema Mjomba Kibwana, "mimi sikujua kuchagua kidude, nawe pia hukujua. Hilo si aibu. Mtu hukijua kitu kwa kukijaribu kwenye kazi yake, siyo jikoni wala kwa kuangalia rangi yake. Lakini ukisema umejaribu ilhali hujajaribu, unaniziba masikio na mimi pia, nabaki nikiegemea mahali pasipo na ukuta. Leo umesema kweli wakati ambapo ilikuuma, na bado kulikuwa na nafasi. Siku nyingine iseme mapema, itakuuma kidogo tu."

"Nimesikia, mjomba."

"Haya, kaoshe sufuria. Swabir atakusaidia."

"Mimi?" alisema Swabir. "Na shati hili?"

Baadaye Bi Mishi alipelekwa Msambweni, akapasuliwa salama, akarudishwa nyumbani na bandeji shingoni. Daktari alikataza asitoe sauti mpaka atakapomwona tena. Iwapo itarudi, na itarudi vipi, hakuahidi. Kwa hiyo nyumba ikawa kimya, na kule bombani Bi Kadzo akapata hadithi yake.

Jioni moja Yusra alirudi na mtungi, akautua, akajinyoosha mgongo. Alimnywesha bibi uji kwa kijiko, akamfuta kidevu. Kisha akakitoa kinasa kutoka ndani ya soksi safi alimokihifadhi, akakiweka mkekani baina yao, akaiweka sauti chini. Wimbo ukaanza. Mkono wa Bi Mishi ulikuwa ukipiga mapigo polepole juu ya goti lake.

Wimbo ulipokwisha, Yusra alikizima kinasa. Alijua wimbo ule haufundishwi kwa kuombwa.

"Bibi," alisema, "koo lako likipona, utaniruhusu nisimame nyuma yako pale mlangoni, niushike wimbo?"

Bi Mishi alimtazama. Mkono wake ulikuwa umetulia gotini. Nje Bi Kadzo alikuwa akiwaita kuku wake waingie bandani. Yusra hakurudia kuomba; jibu angelipata mlangoni, koo likipona. Akachukua bakuli na kijiko, akaenda kuviosha.