Maua Mahali pa Nadège

Siku ya soko, saa nne asubuhi, ng'ombe thelathini kutoka Bibokoboko walisimama katikati ya daraja la kwenda Fizi na kukataa kuendelea na safari. Sababu zao hazikujulikana, na kwa heshima inayostahili pembe za ukubwa ule, hakuna aliyewauliza. Nyuma yao lilingoja lori la mihogo, nyuma ya lori bamama wenye mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, nyuma ya bamama pikipiki arobaini. Nyuma ya wote lilingoja vumbi, ambalo peke yake halikuwa na haraka.

Mtawala wa fujo hiyo alikuwa Nadège, miaka ishirini na mitatu, kizibao cha rangi ya chungwa juu ya kikwembe cha buluu chenye picha za feni, firimbi shingoni, bendera mkono mmoja, daftari mkono wa pili. Daraja lilikuwa jembamba, gari moja tu kwa wakati, na chama cha madereva wa pikipiki kilimweka pale, upande wa Baraka, kwenye kiti cha plastiki, apange nani avuke na nani abebe abiria kwa zamu. Sheria yake ilikuwa moja na hata wachungaji waliiogopa: namba yako ikiitwa na haupo, unarudi mwisho.

Kwa miaka mitatu alikuwa amevusha watu, mbuzi, magodoro na jeneza moja. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka kwenda popote. Jioni alirudi kwa mama yake, asubuhi alirudi kwa kiti.

"Yaya, dada yangu, nipitishe mbele. Niko na kazi ya haraka."

Nadège aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali, viatu vyeusi ambavyo vumbi lilikuwa limevifanya vyekundu, na begani karatasi ndefu iliyoviringwa.

"Kazi gani?"

"Ya miaka inayokuja."

"Kama ni ya miaka inayokuja, inaweza kungojea. Jina?"

"Eloge."

"Eloge, uko namba makumi ine na moja. Kaa pale."

Alikaa. Ng'ombe hawakusogea. Baada ya saa nzima kijana alichoka kuwa mpole, akakunjua karatasi yake juu ya gunia la mihogo. Ilikuwa mchoro: masanduku ya vioo yakining'inia kwenye waya, yakitoka sokoni Baraka, yakipita juu ya daraja, yakipanda milima hadi Fizi.

Nadège alisogea, kwa shughuli za kikazi tu.

"Hii ni Baraka gani?"

"Baraka ya kesho. Hakuna kungojea daraja. Unaingia, unaruka, unafika."

"Mama iko na beseni mbili, mutoto ku mugongo, na mbuzi. Anaingia?"

Eloge alikuna shingo. "Mbuzi..."

"Mbuzi hamukumufikiria?"

"Atapanda sanduku ya nyuma."

"Na umeme ukikatika?"

"Munangojea."

"Wapi?"

"Pale juu."

"Basi ni sawa na hapa, enjenia. Ila hapa muntu anaweza kushuka akojoe."

Madereva walicheka hadi pikipiki moja ikaanguka. Eloge naye alicheka, kisha akatoa kalamu na kuandika pembeni mwa mchoro: *Mbuzi. Umeme. Kukojoa.* Nadège aliona, na kitu fulani kifuani mwake kikasogea kabla ya ng'ombe kusogea. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuandika maneno yake.

Tangu hapo Eloge alikuja kila siku ya soko, akidai anaenda Fizi, na kila ilipofika zamu yake aligeuka kurudi Baraka. Siku nyingine zote alipiga simu.

"Halo, sheri, mupenzi. Daraja iko namna gani?"

"Imejaa."

"Na roho yako?"

"Nayo iko na mulolongo. Weka namba."

"Mimi ni wa ngapi?"

"Usiniulize kazi ya ofisi ku simu." Akakata, akabaki akiichekea simu kama mtu aliyepungukiwa akili.

Mambo yalikuwa mazuri mpaka Eloge alipoingia kwenye mashindano. Shirika moja la Bukavu lilitafuta vijana wenye mawazo ya usafiri wa miji inayosongamana. Mshindi angepelekwa kusoma huko Bukavu, na wazo lake lingepelekwa kwa wakubwa wa mji lijengwe. Mchoro wa Eloge ukabandikwa ukutani sokoni, wenye rangi, mkubwa kama mlango.

Nadège alienda kuutazama kwa kikwembe kipya na midomo iliyopakwa rangi. Aliona waya, masanduku, mto, daraja. Mahali pa kiti chake palikuwa na maua. Maua mekundu, yamepangwa kwenye duara, na hakuna mtu hata mmoja.

Alifuta rangi ya midomo kwa mgongo wa mkono.

Kiti kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake. Na huyu, aliyemwita sheri kila jioni, alikuwa amekifuta na kumwagilia maua maji.

Simu ya Eloge iliita mara kumi na moja bila kupokelewa. Siku ya soko alipokuja mwenyewe, Nadège alimwandikisha namba hamsini na tatu, nyuma ya mbuzi.

"Nadège, nilifanya nini?"

"Baba, hapa tunaita namba tu. Hatuitane majina."

Siku ya majaribio ikafika. Waamuzi watatu walikaa chini ya turubai kando ya daraja, wakiongozwa na Mama Suzanne, mwanamke wa miwani mikubwa na maneno machache. Eloge alikuwa amevuta waya wa chuma juu ya mto, akatundika sanduku la mbao. Hakuwa na mashine, kwa hiyo Guy, dereva wa pikipiki, aliinua pikipiki yake juu ya mawe. Gurudumu la nyuma lilizungusha mkanda, mkanda ulivuta waya, waya ulivuta sanduku.

"Natafuta muntu moja wa kupanda na mimi," Eloge alitangaza.

Madereva wote walianza kuchunguza viatu vyao.

Nadège alimkabidhi daftari jirani yake Fanny, muuza ndizi. "Soma namba. Usihurumie muntu." Akapanda. Alikuwa na neno la kumwambia Eloge, na alitaka kulisema mahali ambapo mwanaume hawezi kukimbia.

Sanduku liliondoka likilia kama mlango wa zamani. Lilipofika katikati ya mto, sauti ya Fanny ilisikika, kali na ya haki:

"Namba kumi na saba! Guy! Muntu wa kwenda Mboko!"

Guy alitazama sanduku. Akatazama abiria wake, mama mwenye magunia mawili. Akakumbuka sheria. Akafungua mkanda, akashusha pikipiki kwenye mawe.

"Guy!" Eloge alipiga kelele. "We Guy!"

"Ni sheria ya Nadège!" Guy alijibu kwa huzuni kubwa, na akaondoka kuelekea Mboko.

Sanduku lilijizungusha polepole. Chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa.

"Ni we njo ulimufundisha hivyo?" Eloge aliuliza.

"Niliwafundisha wote." Nadège alishika ukingo kwa mikono miwili. "Sasa nijibu. Mahali yangu uliweka maua. Miye niko wapi?"

"We njo ile maua, ni we."

"Usinicheze."

"Nadège, nilisoma ujenzi miaka sita ku internat ya Fizi, shule ya kulala. Mwalimu alitufundisha nguzo, paa, ngazi, choo. Kuchora batu hakufundisha. Nilijaribu kukuchora mara ine. Ya kwanza ulifanana ndoo. Ya mwisho ulifanana tantine, shangazi wangu, na hatupendane. Nikasema, heri maua, hayo najua."

Kicheko kilimpanda Nadège kooni. Alikimeza kwa nguvu.

"Na bale ba Bukavu, wakiona maua, watajua ni miye? Wataleta mbegu, Eloge. Wataondoa kiti."

Uso wa Eloge ulibadilika taratibu, kama wa mtu anayesoma barua mbaya aliyoiandika mwenyewe.

"Sikufikiria," alisema. "Nilifikiria waya."

Alitoa mchoro mfukoni, nakala ndogo, akayakata maua kwa kalamu. Akachora kichwa, vijiti vinne, bendera. Chini akaandika kwa herufi kubwa: NADÈGE. HAONDOLEWI.

"Nafanana ndoo," Nadège alisema, na machozi yakamtoka akicheka.

Wakati huo daraja lilikuwa limekufa. Fanny aliita namba, lakini bendera hakuijua. Malori mawili yalikuwa yameingia kutoka pande mbili na kukutana uso kwa uso. Nyuma ya moja lilikwama gari la waamuzi. Nadège alichungulia. Kwa miaka mitatu aliona migongo ya magari tu. Sasa aliona yote, pande zote mbili, kama vitu juu ya meza.

Alipiga firimbi. Vichwa vyote viliinuka.

"Lori ya mihogo, rudi nyuma! Tena! Wa mbuzi, kuume! Bamotari, pikipiki zote, mungojee!"

Robo saa baadaye njia ilikuwa wazi. Mama Suzanne alikuwa amesimama juani, miwani mkononi, akiandika.

"Nadège," Eloge alisema kwa sauti ndogo. "Nataka kuleta wazee wangu kwa mama yako. Kuko muntu mbele yangu?"

"Daftari iko kwa Fanny."

"Bila daftari."

Vumbi lilionekana upande wa Mboko. Guy alikuwa anarudi.

Mama Suzanne alikaribia ukingo, akapaza sauti. "Kijana! Hilo sanduku halitabeba mtu, na tuzo hupati. Lakini unichoree kiti kirefu, chenye ngazi na paa, hapa darajani. Na huyo dada awe ndani yake. Umchore vizuri!"

Eloge aliinamisha kichwa. Bukavu ilikuwa imeondoka, na alijua.

Guy alifunga mkanda. "Niwavute upande gani? Hapa kwetu ama ng'ambo?"

Eloge alimtazama Nadège. Nadège alitazama kiti chake cha plastiki, kidogo sana kule chini, na Fanny amekikalia. Kisha akatazama ukingo wa pili, ambako hakuwahi kuweka mguu.

"Ng'ambo!"

Sanduku lilishtuka, likaanza kwenda. Nadège alijifuta uso, akanyoosha kizibao, na akaita kwa sauti yake ya kazi:

"Eloge!"

"Niko!"

"Namba moja."