Kompyuta ya Mluzi

Kila alipotoka shule, binti mmoja wa darasa la sita alipitia zahanati kumsubiri mjomba wake, fundi wa kompyuta, ili warudi nyumbani pamoja. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Watu walimwita Mluzi kwa sababu hakuweza kukaza hata skrubu bila kupiga mluzi, na kompyuta yake aliipa jina hilohilo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa seva ya majina. Kompyuta nyingine zikitaka kupeleka kitu kwa "daktari" au "maabara", ziliiuliza kwanza mahali pa kukipeleka; majibu ya daktari yenyewe yalihifadhiwa humohumo. Tangu baba afariki, binti alikuwa akiandika "mluzi" kwenye kompyuta ya mjomba, na jibu lilikuja papo hapo: mluzi yupo. Mwili ulimsisimka kila mara, lakini hakuacha.

Kisha mjomba akaleta seva mpya, akaipa majina na mafaili yote ya zahanati, akaizima ile ya zamani hukohuko stoo ilikokaa siku zote. Binti akaandika "mluzi". Hakuna jibu. Akaandika tena na tena. Mjomba alipotoka kidogo, binti aliingia stoo akaiwasha ile ya zamani.

Kesho yake alikuta zahanati imevurugika. Maabara walisema wametuma majibu ya damu. Daktari alipata machache tu. Mfagiaji aliapa kwamba kuna kitu kinavuma stoo, na hakanyagi huko tena. "Marehemu hajaridhika," alinong'ona, na wauguzi hawakucheka.

Kwenye benchi mama mmoja alipakata kichanga kilichokuwa kikichemka kwa homa. Daktari hakuthubutu kuchagua dawa bila majibu. Mjomba alikuwa chini ya meza, jasho linamtiririka, anakagua waya mmoja mmoja. Binti alijua chanzo ni ile kompyuta ya stoo. Akisema, baba atazimwa mara ya pili, na hakuna aliyemwona akiingia stoo. Kichanga kikaacha kulia, na kimya hicho kikamtisha kuliko kilio.

"Mjomba, ni mimi. Nimeiwasha ya baba."

Mjomba alikimbia stoo. Majibu yaliyopotea yalikuwa humo, ndani ya kompyuta ya marehemu, yamejipanga yakimsubiri. Daktari aliyapata, kichanga kikapewa dawa, na kabla ya jioni kilikuwa kinanyonya.

Ndipo mjomba akamketisha binti stoo. "Seva mbili zilikuwa zinajibu swali moja, kila moja na jibu lake," alisema. "Hii bado inaamini baba yako yupo kazini, ikawa inayavuta majibu ya daktari kwake kama zamani. Sikulaumu kwa kumlilia. Hata mimi sikutaka kuizima. Lakini uliniona nahangaika ukanyamaza. Hapo ndipo ulipokosea. Ukisema mapema, tunarekebisha. Ukificha, anaumia mtoto wa mwenzio."

Binti alilia bila kujizuia. Aliuliza, sasa yeye atamwitia wapi baba yake?

"Niulize mimi habari zake. Nilivuta naye waya miaka mingi. Uliza lolote, nitakujibu."

Binti akabonyeza mwenyewe kitufe cha kuizima. Njiani kurudi nyumbani aliuliza, akauliza tena, mpaka mjomba akaomba apumzike kidogo.