Mupunga Murefu na Mupunga Mufupi

Kila asubuhi kule Wamaza, mbele ya kengele ya masomo kulia, Faida alikuwa anateka maji, anafagia kiwanja, kisha anafungulia kuku. Kuku wa mama yake walijulikana kijiji kizima. Waliingia hata kanisani, na hawakutoa sadaka.

Siku moja Moniteri Moustapha alifika akisukuma kinga, baiskeli yake ya kazi, tairi moja bila hewa. Yeye njo alikuwa anatumwa na agronome, muzungu mukubwa wa kilimo kule Kabambare, kufundisha watu kulima. Alimupa mama kifuko cha mbegu mupya ya mupunga.

"Mama Faida, mupunga huu iko mufupi, lakini unaiva mbio. Mvua iliulowesha njiani. Uanike leo, kesho upande. Ukizaa vizuri, agronome ataleta mbegu kwa kijiji chote. Usipozaa, atapeleka kwingine."

"Basi kijiji chote kitatazama shamba langu," mama alisema. "Nitavaa kitambaa cha Pasaka nikienda kulima."

Mama akatandaza mbegu juu ya mukeka. "Faida, chunga kuku," alisema, akaenda mutoni.

Nyuma ya nyumba, Asani, mutoto wa jirani, alikuwa anapiga mupira wa majani ya ndizi na wenzake. Faida alikwenda kuangalia kidogo tu. Halafu akapiga mupira mara moja tu. Kuku hawakungoja mualiko. Faida aliporudi, nusu ya mukeka ilikuwa wazi.

Alikimbia kwenye ghala, akachota mupunga wa nyumbani, akajaza pale palipokosa. Kwa macho, mbegu zilifanana. Mama akapanda, Faida akanyamaza.

Lakini mupunga haukunyamaza. Ulipokomaa, mashina mengine yalikuwa mafupi, yameiva. Mengine marefu, bado mabichi.

Mama Régina, jirani yao, alicheka mpaka akashika kiuno. "Mama Faida, shamba lako iko kama harusi. Wakubwa wamesimama, watoto wamekaa chini."

Moniteri hakucheka. Alizunguka shamba, akajikuna kichwa. "Mbegu hii haifai. Agronome anakuja kesho kutwa. Nitamuambia aipeleke kwingine."

Faida alimuangalia mama. Mama, mwenye kujibu kila mutu kwa mzaha, aliinama, akashika shuke moja bichi, akaliachia. Hapo Faida akashindwa kuvumilia.

"Bwana Moniteri, mbegu haina kosa. Ni mimi na kuku."

"Nani alikula zaidi, wewe ao kuku?"

"Kuku. Mimi nilificha tu. Nilichanganya na mupunga wetu wa ghala."

Moniteri akapumua. "Sasa nitamuonyesha nini agronome? Mundu aliyotuletea inakata yote pamoja."

Mama akawaza kidogo. "Mundu tuiache leo," alisema. "Sisi tunakata na kisu kidogo, shuke moja moja. Mufupi umeiva, murefu bado. Tukate mufupi peke yake. Na wewe, binti yangu mwenye siri, utatangulia mbele."

Walikata kutwa nzima, wakarudi tena kesho yake. Mugongo ulimuuma Faida, vidole vikavimba. Asani alikuja kusaidia bila kuitwa, kwa sababu mupira ulikuwa wake.

Agronome alipofika, alikuta vikapu vimejaa mupunga safi. Alifikicha shuke mkononi, akapuliza, akatazama punje. Kisha akaonyesha mashina marefu yaliyobaki, akauliza sababu. Moniteri akamueleza yote, hata mambo ya kuku. Muzungu akacheka mpaka kofia ikaanguka.

"Kuku iko agronome kushinda mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha kukwaruza. "Inajua mbegu muzuri. Mwaka kesho nitaleta kwa kila nyumba."

Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Régina alikuwa wa kwanza.

Jioni, mama alikaa na Faida wakipepeta.

"Ulinigombeza kidogo tu, mama. Nilifikiri utanipiga."

"Nilitaka. Lakini ulisema kweli mbele ya watu, na hiyo iko nguvu kuliko fimbo yangu. Sikia, mwanangu. Kuku walikula nusu ya kifuko. Uongo wako ungekula mupunga wa kijiji kizima. Ukikosa, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo. Mugongo wako hautauma hivi."

"Ndiyo, mama," Faida alijibu, akajinyoosha polepole.