Wa Tatu Anamisi

Gari lilikohoa mara mbili, likatikisika, likazima mbele ya cherehani ya Asnath, pale stendi ya Same, saa ile mabasi ya Arusha na Dar yanapishana na wauza vitunguu wanakimbizana na madirisha. Lilikuwa jeupe, la milango mitano, na stika za Kijapani zisizosomeka na mtu yeyote kuanzia Mwanga hadi Hedaru. Asnath alilitazama kwa dharau. Tangu mitumba imwagike sokoni, wanawake waliacha kushonesha, naye akabaki kupunguza suruali za Wazungu. Kitu chochote kilichotumiwa na wengine kabla hakikumpendeza.

Akashuka dereva, jina lake Rubeni, shati limenyooshwa kwa pasi, uso umemshuka.

"Samahani dada, nimekuzibia."

"Umewazibia wateja, si mimi. Hilo nalo gari?"

"La familia hilo," alisema. Alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge, na mafao yake yote yalikuwa humo ndani.

"Familia gani? Una hata paka?"

"Natafuta."

"Paka?"

Rubeni alicheka mpaka wapiga debe wakageuka. Asnath hakucheka, ila kesho yake alivaa lile gauni la kitenge alilojishonea kwa ajili ya Krismasi.

Wakapendana. Rubeni hakumficha kwamba aliwahi kupenda wanawake wawili, na kwa wote yakaisha. "Wewe ni wa tatu, mpenzi, na wa mwisho." Asnath, aliyewaona wapenzi wa simu kuwa wajinga wasio na kazi, akaanza kumtumia ujumbe kila asubuhi: *Nakumisi.* Alijidharau, na alituma tena. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, ameshakataa wanaume wa kutosha mpaka shangazi zake wakaacha kuuliza. Sasa Jumapili wazee wa Rubeni wangepanda hadi kwao Asnath, kijijini Ngujini, kupeleka posa, na baba yake alikuwa ameshatenga mbuzi.

Jumatano Rubeni aliosha injini kwa mpira wa maji ili gari lipendeze ukweni. Lilipowashwa likawa linatetemeka. Akalipeleka gereji, kisha akaja kuchaji simu yake dukani kwa Asnath, akatoka kutafuta viatu. Simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa mtu aliyeandikwa Elly:

*Kaka nimeshamjua. Ni huyu wa tatu ndiye anamisi. Nikimchomoa hakuna tofauti. Mtupe tu, tafuta mwingine.*

Asnath alisoma mara mbili. Kumbe "nakumisi" zake zinasomwa kijiweni! Kumbe wanaume wawili wamekaa wakampima kama kitambaa cha mnada! Akaufuta ujumbe ule kwa kidole gumba, kwa kinyaa, kama anayeua kunguni.

Rubeni aliporudi alikuta simu yake imewekwa nje, juu ya vumbi.

"Nimejua yote," alisema Asnath bila kuinua macho kwenye sindano. "Jumapili usipande Ngujini. Na hivyo viatu, vaa uendee kwenu."

Rubeni hakuuliza yote ni yapi. Aliokota simu, akaondoka, na Asnath akamsonya mpaka alipopotea nyuma ya mabasi. Usiku hakulala.

Kesho yake asubuhi akaja mwanamume mfupi mwenye ovaroli ya mafuta.

"Habari, shemeji. Mimi Eliufoo, fundi wa Rubeni. Jana nilimtumia ujumbe, kimya. Yuko wapi?"

"Eliufoo?" Asnath aliacha pedeli. "Wewe ndiye Elly?"

"Ndiye mimi. Nimemletea ushahidi, asije akadhani namwibia." Akatoa mfukoni kijiti cheusi chenye kichwa cha plastiki. "Huyu hapa wa tatu."

"Nini hiki?"

"Koili. Magari ya zamani yalikuwa na moja tu, inagawa moto kwa plagi zote. Haya ya sasa kila plagi ina ya kwake, imekaa juu yake. Kwa hiyo injini ikimisi, yaani plagi moja ikikosa moto, unachomoa soketi moja moja huku inaunguruma. Ukichomoa nzima, injini inazidi kutetemeka. Ukichomoa huyu, haijali. Nikamhamishia namba moja, ubovu nao ukahamia namba moja. Basi plagi haina kosa, mbovu ni yeye. Maji yameingia."

Asnath alicheka, akacheka mpaka machozi, akajifuta kwa pindo la khanga. Hakuwahi kujidharau vile. Alichukua simu, akampigia Rubeni kwa furaha na aibu.

"Mpenzi, sikiliza, mimi ndiye—"

"Asnath, nisamehe," Rubeni alimkatiza, sauti imekwaruza. "Najua umeambiwa. Husna wa Maore nilimwacha tangu mwezi uliopita, wallahi. Ile mimba nitaihudumia, lakini yeye sina naye tena. Ulinishika pabaya jana, nikakosa la kusema."

Asnath alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma kuliko mimba.

"Asnath? Uko hapo?"

Akakata.

"Anasemaje shemeji?" aliuliza Eliufoo. "Nifunge mpya?"

"Funga, kaka. Gari la familia lile."

Alisubiri fundi aende zake, akampigia mama yake.

"Shikamoo mama. Mwambie baba yule mbuzi amrudishe zizini." Akasikiliza. "Hapana, mama. Hakuna aliyekufa. Wageni hawaji."