Nyasi za Nyuma ya Nyumba ya Shoga

"Profesa, njoo uone! Zote zinafanana!"

Profesa aliiacha chai yake ikipoa, akaja maabara mbiombio. Aliyemwita alikuwa mtaalamu wa vinasaba, binti ambaye wenzake walimbatiza Bibi Nyasi. Alikuwa akichunguza jinsi nyasi moja ya mbugani ilivyosambaa enzi za kale, kwa kulinganisha vinasaba vya nyasi hiyo kutoka kila upande. Ulikuwa umebaki upande wa ng'ambo ya mlima tu. Huko alitumwa mchumba wake, mkusanyaji mimea wa kituo hichohicho, naye akarudi na mifuko tele.

"Kama zinafanana hivi, basi zilivuka mlima juzijuzi tu," Profesa alisema. "Labda zilibebwa na mifugo. Binti yangu, hili ni jambo kubwa!"

"Ngoja nizilinganishe na za upande wetu, tujue zilitokea wapi."

Profesa akaondoka akipiga mluzi. Bibi Nyasi akashika simu, akaandika: "Mume wangu mtarajiwa, safari yako imetupa dhahabu. Nakupenda."

Jibu halikukawia: "Nimepigwa na baridi kwa ajili yako, mpenzi. Harusi ipite tule raha."

Alikuwa bado anatabasamu kompyuta ilipotoa jibu. Tabasamu likamkauka mdomoni.

Nyasi zile hazikuwa za ukoo mmoja tu. Zilikuwa mmea mmoja, wa aina ile inayotambaa hadi shina moja likajaza ua mzima. Na mmea huo ulikuwemo tayari kwenye akiba ya maabara. Aliuchuma yeye mwenyewe, katika mji wa njiani, kabla hujaanza kupanda mlima: nyuma ya nyumba ya shoga yake kipenzi, fundi cherehani aliyekuwa akimshonea gauni la harusi.

Alirudia kazi yote upya. Jibu lilikuwa lilelile. Akampigia dereva wa kituo.

"Kaka, ile safari mlivuka mlima?"

Dereva akakohoa.

"Kaka, nakuuliza."

"Dada yangu, mimi ni dereva. Naangalia barabara."

"Basi niambie barabara iliishia wapi."

Dereva akashusha pumzi. "Iliishia mjini, kwa fundi. Mimi nililala gesti. Yeye... dada, usinitie matatani."

Bibi Nyasi alikata simu. Palepale ujumbe ukaingia, wa shoga: "Bibi harusi! Gauni limebaki shingo tu. Njoo upime, utaua watu siku hiyo!"

Hakujibu. Alimwita mchumba wake maabara. Akaja akinukia manukato, akataka kumkumbatia. Akamkwepa.

"Kule ng'ambo kukoje?"

"Kuzuri ajabu! Ila baridi, we acha tu. Nyasi zinafika kiunoni."

"Ulizichuma mwenyewe?"

"Sasa angezichuma nani, mpenzi?"

"Zote ni mmea mmoja. Zimetoka nyuma ya nyumba ya shoga yangu."

Akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akanyamaza.

"Mvua ilikata barabara..."

"Ungepiga simu ukasema barabara imekatika. Wewe uling'oa nyasi uani kwa shoga yangu, ukazitia kwenye mifuko, ukaandika majina ya vijiji usivyovijua! Na usiku ulilala wapi?"

"Nisikilize..."

"Ulilala wapi?"

Akainamisha kichwa. "Ilitokea tu. Haimaanishi kitu. Wewe ndiye nitakayekuoa."

"Angalau ungenidanganya kwenye mapenzi, ukaniachia kazi yangu. Ningesimama mbele ya watu nikatangaza uongo wako kwa mdomo wangu!"

"Profesa si lazima ajue. Tutakwenda wote, tukachume upya, yaishe."

Hapo ndipo alipomwona vizuri. Alivua pete ya uchumba, akaiweka mezani. "Toka."

Baada ya muda simu ikaita. Fundi alikuwa akilia. "Shoga, ameniambia umejua. Nisamehe. Shetani alinipitia."

"Usimsingizie shetani. Ulinizungushia tepe kiunoni huku unacheka na mimi. Tangu lini?"

"Tangu... tangu ulipomtuma alete kitambaa."

Bibi Nyasi alikaa chini sakafuni. Kumbe kitambaa chenyewe alikichagua yeye, na mjumbe akamchagua yeye.

Alipoinuka alinawa uso, akaenda kwa Profesa. "Ule ugunduzi haupo. Nyasi ni za uongo. Na harusi pia haipo."

Mzee wa watu alisukuma kando kikombe chake cha chai. "Huyo nitamalizana naye leo. Wewe pumzika, binti yangu. Tutatafuta mtu wa kwenda."

"Nitakwenda mimi."

Walivuka mlima, yeye na dereva. Katika mji wa njiani hakugeuza shingo. Kule ng'ambo alichuma kijiji kwa kijiji, na majibu yalipotoka miezi baadaye yalionyesha kuwa nyasi za kule zilitofautiana zenyewe kwa zenyewe kuliko za popote, dalili kwamba zilikaa pale muda mrefu zaidi. Huko ndiko zilikoanzia safari yao ya kale. Profesa alipiga kelele kwa furaha.

Lakini siku ile ya kuchuma hakuna aliyeyajua hayo. Alipiga magoti mbugani, akashika kisu, ndipo kilio alichokibana kikamtoka, kwa sauti, kama mfiwa. Dereva alisimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Dada, nilipaswa kukuambia."

"Ndiyo, kaka. Ulipaswa."

"Aliniambia nikisema ananifukuzisha kazi."

"Na mimi ulinibeba kila siku, unanisalimia, unaniuliza maandalizi yamefika wapi."

Bibi Nyasi alijifuta machozi kwa kiganja chenye udongo, akamnyooshea mfuko mtupu.

"Shika. Fungua mdomo wake vizuri, nitie nyasi."